Plambago zangu zimekuwa njano: jibu kwa mwalimu wa Sahare

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Sahare, Tanga, si mbali na bahari. Mwezi wa Januari nilinunua miche tisa ya maua ya samawati kwa muuza miche wa barabarani, nikaipanda kando ya ukuta mpya wa uani. Aliniambia haya ni maua ya ukame, hayataki maji. Mitatu ikafa kabla mwezi haujaisha. Nikaingiwa na hofu, nikaanza kunyunyiza kila jioni kwa mpira, na mashinani nikatia majivu ya jikoni. Sita iliyobaki iko hai, lakini majani machanga yamekuwa njano, chini ya majani kuna unga mweupe, na maua ni machache, yako kwenye ncha za matawi marefu tu. Je, ni ugonjwa? Niing'oe nipande kitu kingine? Na kwa nini nihangaike na ua la kigeni wakati Tanga ina ua lake la samawati linalojulikana dunia nzima?

Jibu: Shikamoo, mwalimu.

Usiing'oe. Kwa maelezo uliyotoa, miche yako sita haina ugonjwa. Ina njaa ya madini, na njaa hiyo imeletwa na ukuta pamoja na majivu. Unga mweupe unatoka ndani ya mmea wenyewe, si ukungu wala mdudu. Maua yamekuwa machache kwa sababu mmea haujapogolewa hata mara moja. Ile mitatu iliyokufa ilikufa kwa kiu, kwani uliambiwa nusu tu ya habari za mmea huu.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia mmea mmoja. Ulichonunua naamini ni plambago, kwa jina la kitaalamu Plumbago auriculata. Ua lake lina petali tano za samawati hafifu, zimekaa juu ya mrija mwembamba wa urefu wa sentimita tatu hadi nne, na maua hukaa kwa mashada kwenye ncha ya tawi. Shika kikombe cha kijani kilichoshikilia ule mrija: kikinata vidoleni, ndiyo yenyewe. Kina vinyweleo vyenye utomvu, na watoto hukibandika kwenye ndewe za masikio kikawa hereni. Ikiwa badala yake una maua ya zambarau yanayoning'inia, mara nyingi yenye ukingo mweupe, yakifuatiwa na vitunda vya rangi ya njano vilivyoshikamana kama shanga, basi hiyo ni duranta. Duranta nayo huuzwa sana kwa ajili ya ua wa nyumba, lakini vitunda vyake vina sumu, na kwenye nyumba yenye wajukuu hilo ni jambo la kulijua mapema.

Plambago kwao ni kusini mwa Afrika, hasa majimbo ya Eastern Cape na KwaZulu-Natal. Huko huota porini, matawi yake marefu yakijiegemeza kwenye vichaka vingine. Mfaransa Lamarck ndiye aliyeuandika kitaalamu kwa jina hilo mwaka 1786. Ukikuta kitabu cha zamani kimeandika Plumbago capensis, jina alilolitoa Thunberg wa Sweden baadaye, ni mmea huohuo. Huishi miaka mingi, haufi baada ya msimu, na ukiachwa hufika mita mbili, na kuzidi hapo ukipata pa kuegemea.

Sasa ile nusu ya habari uliyonyimwa. Muuza miche hakukudanganya aliposema plambago huvumilia ukame. Huvumilia kweli, lakini kinachouvumilia ni mizizi iliyokwisha kushuka ardhini. Mche uliotoka kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea, hauna mizizi ya namna hiyo. Mizizi yake yote imo ndani ya udongo wa mfuko huo, na pengine imeanza kujizungusha chini ya kiriba kwa kukosa pa kwenda. Ukiutoa humo mwezi Januari, kaskazi inavuma, mvua za vuli zimekwisha, na ukuta mpya unaurudishia jua la mchana, udongo ule hukauka kwa siku moja. Ardhi inayouzunguka inaweza kuwa na unyevu shubiri mbili chini, lakini mche hauna mkono wa kuufikia. Ndiyo maana hufa katika mwezi wa kwanza, na mwenye nyumba husema ameuziwa mmea mbovu.

Kwa hiyo msimu wa kwanza plambago ni mmea wa maji sawa na mchicha. Ustahimilivu huanza kujengeka mwaka wa kwanza na kukamilika mwaka wa pili, na kinachouamua ni namna ulivyoumwagilia ulipokuwa mchanga.

Hapa ndipo ile nyunyiza ya kila jioni inapoingia. Mpira ukipita dakika moja juu ya shina hulowanisha udongo wa juu, kiasi cha vidole viwili. Mizizi hufuata maji yalipo, basi nayo hubaki hukohuko juu. Kiangazi kikifika, tabaka hilo la juu ndilo la kwanza kuwaka. Mmea uliozoeshwa hivyo hautavumilia ukame hata ukifikisha miaka mitano. Bahati yako ni kwamba masika yalipita katikati: mvua kubwa za Aprili na Mei zilishuka chini kuliko mpira wako, na mizizi kadhaa imezifuata. Ndiyo sababu sita bado ipo.

Acha kunyunyiza. Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka kila shina, upana wa mikono miwili iliyoenea vidole, chenye kingo za kuzuia maji yasikimbie. Chukua ndoo ya lita 20, uigawe kwa miche miwili, na umimine polepole, ukingoje yanyonywe kabla ya kuongeza. Tupo Agosti, kuna ubaridi wa kipupwe na huenda mkapata mvua ndogo za mchoo, kwa hiyo si wakati wa ukame mkali. Kwa wiki mbili za mwanzo mwagilia hivyo kila baada ya siku nne. Kisha nenda mara moja kwa wiki. Vuli ikianza vizuri mwezi Oktoba au Novemba, acha kabisa, mvua ifanye kazi. Januari na Februari zijazo, kwa kuwa ndicho kiangazi cha kwanza miche ikiwa na mizizi, rudi kwenye nusu ndoo kwa kila mche mara moja kwa wiki. Baada ya masika ya mwakani utaanza kuona faida ya kazi yako: ndoo moja kwa wiki mbili au tatu wakati wa kiangazi itatosha, na miezi mingine hutauhangaikia.

Juu ya kisahani weka matandazo. Kwenu Tanga makumbi ya nazi hayanunuliwi. Yalaze kwa upande wa ndani ukiangalia chini, yafunike udongo, lakini yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina ili lisioze na mchwa wasipate njia ya kulifikia. Matandazo hayo yatapunguza maji unayohitaji kuliko mbolea yoyote utakayonunua.

Nije kwenye ule unjano, maana ndilo tatizo lako kubwa na ndilo watu wengi wa pwani hulitibu kinyume.

Pwani ya Tanga imekalia mawe ya chokaa. Karibu na bahari ni matumbawe ya kale, yale ambayo mchimba shimo hukutana nayo baada ya kupiga sululu mara chache. Ukienda upande wa Amboni ni jiwe la chokaa lililochongwa na maji mpaka likawa mapango. Udongo wa juu ya mawe haya una chokaa nyingi, na udongo wa namna hiyo plambago huula kwa shida. Madini ya manganizi na chuma huwa yamo, lakini chokaa huyafunga katika hali ambayo mzizi hauwezi kuyanyonya. Bila hayo jani jipya halitengenezi kijani chake. Ukitazama utaona njano iko katikati ya mishipa ya jani, na mishipa yenyewe imebaki kijani. Tena huanzia kwenye majani machanga ya juu, kama ulivyoeleza. Ingekuwa ni upungufu wa naitrojeni, majani ya zamani ya chini ndiyo yangetangulia. Ingekuwa ni maji kutuama, ungeona majani ya umri wote yanapauka na kudondoka, na shina kwa chini limelainika.

Sasa jumlisha na yako. Ukuta ni mpya. Mafundi wakipiga plasta, mabaki ya saruji na chokaa hudondokea chini ya ukuta, hufukiwa kwa udongo kidogo, na mwenye nyumba huja kupanda maua juu yake. Hapo mmea umewekewa chokaa juu ya chokaa. Halafu yakaja majivu. Majivu ni kitu kizuri kwenye udongo wenye tindikali, na pengine ndugu zetu wa milimani Lushoto wana sababu ya kuyatumia kwenye mashamba yao, lakini kwenye udongo wa Sahare yanaongeza tatizo lilelile. Usiyatie tena kwenye plambago, wala usiyatie kwenye ua lolote la hapo ukutani.

Cha kufanya ni hiki. Komba udongo wa juu wenye majivu, sentimita tano hivi, ukautupe mbali na bustani. Kisha chimba nusu duara upande wa nje wa kila mche, yaani upande ulio mbali na ukuta, kwa kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko ukiweza, na utoe kila kipande cha saruji na plasta unachokiona. Usiuzungushe mche mzima. Ukikata mizizi pande zote utauumiza. Jaza nusu duara hilo kwa mboji iliyoiva au samadi ya zamani ya ng'ombe, iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo mwekundu wa upande wa Muheza, ule wa mashamba ya mkonge. Udongo huo hauna chokaa kama wa pwani, na mizizi itakimbilia huko. Mwakani, baada ya mvua, fanya vivyo hivyo kwa pembeni.

Kwa nafuu ya haraka, nenda duka la pembejeo ukaulize mbolea ya maji ya kupulizia majani, ile wakulima wanaiita busta. Busta ziko nyingi na nyingine hazitakusaidia, kwa hiyo soma lebo: unataka iliyoandikwa kuwa na manganizi, chuma na zinki. Changanya kwa kipimo cha lebo, usizidishe, na upulizie asubuhi mapema au jioni, hasa upande wa chini wa majani. Rudia baada ya wiki mbili hadi tatu. Angalia majani mapya yatakayochipua, hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama dawa imefika. Yale ya zamani yaliyokwisha kuwa njano huenda yasirudie kijani, na si dalili kuwa umeshindwa.

Ukitaka kuongeza mbolea ya chumvichumvi, chagua SA (salfeti ya amonia), kwa kuwa hupunguza ukali wa chokaa udongoni. Kijiko cha chai kimoja kwa mche kinatosha, ukikisambaza kwa mzunguko shubiri moja na nusu kutoka kwenye shina, kisha umwagilie. Mara moja vuli inapoanza na mara moja mwanzo wa masika. Usinunue CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) kwa kazi hii, ndani yake mna chokaa. Na usipende kuongeza mbolea kwa kuwa mmea unaonekana mzuri: plambago iliyoshiba naitrojeni huota majani mazito ya kijani na kusahau maua.

Unga mweupe nimekwambia ni wa mmea wenyewe. Jamii ya plambago ina vitezi vidogo kwenye majani, ambavyo mmea hutumia kutoa nje madini uliyoyanyonya kupita kiasi, hasa chokaa. Maji hukauka, madini hubaki yakiwa vidoa vyeupe chini ya jani. Kwenye udongo kama wako lazima viwe vingi. Nimeona watu wakivipulizia dawa ya ukungu msimu mzima, wakapoteza fedha na vidoa vikaendelea kutoka, kwa kuwa hakuna ukungu wa kuua. Pima hivi: pitisha kidole kilicholowa. Kama ni vidoa vya madini vitafutika, jani chini yake ni zima, hakuna kinachonata wala kinachotembea. Kama ni wadudu weupe wa kama pamba, watakuwa wamejikusanya kwenye vifundo vya tawi na kwenye makwapa ya majani, jani litanata, na mara nyingi utaona sisimizi wakipanda na kushuka. Hao wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, au uwapulizie maji hayo jioni na usuuze asubuhi.

Maua machache ni habari ya mkasi, na hapa ningependa unisikilize kwa makini, kwa sababu sehemu hii ndiyo itakayobadilisha ukuta wako.

Plambago hutoa ua kwenye ncha ya tawi lililoota msimu huo. Tawi likishatoa shada lake na kukomaa, kazi yake imekwisha, linabaki kurefuka na kuegemea huku na huku likiwa na ua moja mwishoni. Ukilikata, chini ya mkato yatachipua matawi mawili au matatu, na kila moja litakuwa na shada lake. Mtu anayeogopa kukata anaogopa kupoteza ua moja, na kwa hofu hiyo anakosa mengi.

Miche yako bado michanga na ina njaa, kwa hiyo usiikate kwa nguvu leo. Ipe kwanza hiyo mboji na busta. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, ukiona majani mapya ni ya kijani, kata kila tawi refu lipungue theluthi moja, ukikata juu kidogo ya kifundo chenye jani. Vuli itakapokunya, mmea utajibu. Katikati ya Machi mwakani, mawingu ya masika yanapoanza kujikusanya, kata kwa nguvu: shusha mmea mzima mpaka usawa wa goti au chini yake, na matawi ya zamani yaliyokuwa mti kabisa yaondoe kuanzia chini. Utaonekana umeharibiwa, majirani watauliza. Uache. Kati ya vipindi hivyo viwili fanya jambo dogo tu, shada likinyauka likate pamoja na majani mawili matatu ya chini yake. Usipogoe Januari wala Februari, machipukizi laini yatakutana na jua kali bila mvua.

Na usikubali kijana wa bustani akunyooshee ukuta wa plambago kwa makasi makubwa kila wiki kama anavyofanya michongoma. Anachokikata kila wiki ni zile ncha ambazo ua lingetokea. Utapata ukuta wa kijani ulionyooka, bila samawati. Mwambie pia avae glavu na mikono mirefu. Utomvu wa jamii hii huwasha ngozi za baadhi ya watu na kuacha malengelenge; kemikali yake inaitwa plambajini, na imo hata kwa ndugu yake mwenye maua meupe, Plumbago zeylanica, anayeota mwenyewe vichakani katika Afrika Mashariki.

Kuhusu ile mitatu iliyokufa, usinunue mingine. Vile vipande utakavyovikata Septemba ndiyo miche yako. Chagua tawi ambalo si laini la kupinda kama uzi wala si gumu kama kuni, ulikate vipande vya urefu wa kiganja, kila kimoja chini ya kifundo. Ondoa majani ya chini na maua yote, bakiza majani mawili ya juu. Vichomeke kwenye viriba au makopo yaliyotobolewa, yenye mchanga wa mto na vumbi la makumbi lililosuuzwa. Mchanga wa baharini usiuguse, chumvi itaviua. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka kivulini, unyevu uwepo lakini maji yasituame. Wiki nne hadi sita utaona vikianza kuchipua na ukivivuta kidogo vinakataa. Hapo ondoa mfuko, uvizoeshe jua taratibu. Chomeka mara mbili ya unavyohitaji, maana si vyote vitakavyoshika. Njia nyepesi zaidi ni kutazama chini ya mashina yako: plambago hutoa machipukizi kutoka mizizini, na chipukizi lenye mizizi yake unaweza kulichimba na kulihamisha wakati wa mvua.

Lakini ukishaipata, usiipande vuli ikiwa una subira. Ilee mpaka mwanzo wa masika, uipande mvua ya kwanza nzito ikishalowanisha ardhi. Mche wa Aprili hupata mvua za masika, halafu ubaridi wa kipupwe, halafu vuli, kabla haujaonja kiangazi. Ule wa Januari ulikutana na kiangazi siku uliyoushusha.

Shimo la kupandia liwe umbali wa sentimita 60 au zaidi kutoka ukutani, na kati ya mche na mche ukaribu wa mita moja unatosha ikiwa unataka zishikane. Chimba upana kuliko kina. Ukifika kwenye tumbawe, chukua mtalimbo upasue chini, kisha mimina ndoo mbili za maji uone. Yakiisha ndani ya saa chache, sawa. Yakilala humo mpaka kesho yake, usipande hapo, mizizi itaoza wakati wa masika. Inua tuta la mawe na udongo, sentimita 40 kwenda juu, upande juu yake. Ukitoa mche kwenye kiriba, mizizi iliyojizungusha chini ikate au uinyooshe kwa vidole, la sivyo itaendelea kujizungusha humohumo ardhini.

Umesema huko si mbali na bahari. Plambago huvumilia chumvi kwa kiasi tu: kusi ikivuma kwa nguvu siku nyingi, ukingo wa majani unaoelekea baharini utaungua na kuwa kahawia. Miche michanga ikingie kwa makuti upande huo mpaka ishike. Baada ya upepo mkali bila mvua, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Hapo angalia maji unayotumia: kama ni ya kisima na sabuni haitoi povu, au yanaonja chumvi, usiyamwage juu ya majani, yamimine chini tu, na mara mojamoja mwagilia kwa maji ya bomba ili kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Maji ya paa ya masika ni bora kuliko yote. Yakingeni ikiwa mna pipa.

Jambo dogo la nyumbani: usipande plambago karibu na kamba ya nguo wala kwenye kichochoro chembamba. Vile vikombe vinavyonata huganda kwenye kanga, mabaibui na shuka, na ndivyo mmea unavyosafirisha mbegu zake.

Umeniuliza kuhusu ua la Tanga lenyewe, na swali hilo limenifurahisha. Ni kweli. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alikusanya hapa upande wa Tanga na Usambara mmea mdogo wa maua ya samawati inayokaribia urujuani, akaupeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akauita Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo, na leo uko kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani kote. Ni wa kwetu, na porini umebaki mahali pachache kwa sababu misitu yake inakatwa. Lakini huo huota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, ndani ya msitu. Jua la ukutani kwako lingeuua kwa siku chache. Ukiupenda, uweke kwenye chungu barazani, mahali penye mwanga lakini jua halifiki, na kamwe usiuchimbe kutoka msituni. Tafuta mtu mwenye nao umwombe jani moja, jani hilo litatoa mizizi. Ukutani uache plambago.

Kabla ya kumaliza, kwa sababu najua Januari ikija utajiuliza tena kama zina kiu. Mchana wa saa saba majani ya plambago yanaweza kulegea kidogo kwa joto hata kama ardhi ina maji, na jioni yakainuka yenyewe. Usikimbilie ndoo kwa hilo. Toka saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Ukiyakuta yamelegea saa hiyo, chimba kwa vidole pembeni ya kisahani mpaka urefu wa kidole cha kati. Pakiwa pakavu, mimina nusu ndoo kwa kila mche siku hiyohiyo. Pakiwa na ubaridi wa unyevu, funika tena kwa makumbi, usubiri siku tatu ndipo uangalie upya.